Mkono wa Librada

Nianze na mimi mwenyewe, kabla hamjaanza kunionea huruma. Jina langu Nicanor. Nina miaka sitini na tisa, nimestaafu bandarini, na katika kundi letu la rumba kazi yangu ni vijiti viwili tu. Watu huvidharau vijiti. Wanatazama ngoma, wanatazama viuno, wanamtazama mwimbaji anavyokunja uso. Lakini vijiti vikinyamaza, rumba imekufa palepale. Ngoma haijui ipige wapi, mguu haujui utue wapi. Nikitaka kuisimamisha rumba sihitaji kusema neno, naacha kugonga, basi. Hilo mlishike, kwa sababu siku niliyotakiwa kuacha, sikuacha. Tangu siku hiyo nikiona paja la nguruwe lililokatwa vipande vyembamba, nasikia kutapika.

Librada alikuwa shemeji yangu, mke wa kaka yangu Heriberto. Nasema alikuwa, si kwamba amekufa. Yuko hai, anakaa chumba cha tatu ukiingia uani kwetu, hapa La Marina, Matanzas, na asubuhi hii nimemsikia akigombana na muuza mkate. Ni mimi tu ambaye si shemeji yake tena.

Alizaliwa ua huuhuu. Baba yake, mzee Cayetano, alikuwa mchukuzi bandarini, na siku moja alirudi na mbao za kasha lililokuja na samaki wa chumvi, akazipiga randa, akatengeneza makasha matatu ya kupigwa kwa mikono. Bado tunayo. Siku ya mvua ukisogeza pua utasikia samaki. Librada aliingia kiwanda cha kamba akiwa na miaka kumi na tisa, akatoka na hamsini na tano, na miaka yote hiyo alikuwa akisokota katani, mpaka viganja vyake vikawa vigumu kiasi kwamba akikupapasa shavuni unadhani umepigwa msasa. Alizaa watoto wawili. Mmoja yuko Uhispania, mwingine yuko makaburini. Anavuta sigara nene kuliko za wanaume. Anadanganya kwenye dhumna, na ukimkamata anakutukana wewe.

Lakini mtaani hakujulikana kwa kamba wala kwa dhumna. Alijulikana kwa sababu hajawahi kuchanjwa.

Kwa wasiojua: kwenye guaguanko, rumba ya kasi ya watu wawili, mwanamume anamzunguka mwanamke, anajifanya anatazama pembeni, anajifanya amechoka, na mwanamke akijisahau kidogo tu, anamrushia chanjo. Sisi ndivyo tunavyoiita. Ni kiuno kinachorushwa mbele ghafla, au mguu, au leso, kuelekea pale ambapo sihitaji kupataja. Hamgusi. Akimgusa ni mshenzi. Lakini mwanamke asipowahi kujiziba kwa mkono au kwa pindo la sketi, amechanjwa, na ua zima linalipuka kwa kelele mpaka mbwa wanabweka. Librada alianza kucheza akiwa na miaka kumi na sita. Alipofika sabini na saba, hapakuwa na mwanamume aliyewahi kumpata, si wa Matanzas wala wa Havana. Walikuja na viatu vyao vyeupe, na kofia zao, na maneno yao. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshafika kabla kiuno hakijaanza safari.

"Umechanja hewa, mwanangu," alikuwa akiwaambia. "Haya, nenda kapumzike, usije ukateguka."

Kaka yangu Heriberto alijaribu miaka minne. Kila Jumapili, jamani, miaka minne! Tulimcheka hadi mama yetu akamwonea huruma. Mwishowe siku moja akasema, "Librada, kiuno kinaniuma. Twende yambu."

Yambu ni kitu kingine. Inapigwa polepole, kwenye makasha, na wachezaji wanajifanya wazee hata kama ni vijana. Mwanamke anaweza kujifanya anafua, anaweza kuinama na kuokota leso iliyoanguka, anaweza kugeuka na kukupa mgongo, kwa sababu kwenye yambu hakuna chanjo. Hakuna. Si kwamba inakatazwa, hata haimjii mtu kichwani, kama vile haikujii kichwani kumtemea mate padri anapokupa mkate. Basi Librada akadondosha leso yake nyeupe, akainama kuiokota, mikono yote miwili iko chini, na Heriberto yuko hatua moja mbele yake. Angeweza. Ua zima liliona kwamba angeweza. Akavua kofia, akaishika kifuani, akasubiri ainuke. Wakaoana kabla ya Krismasi.

"Mimi sikuolewa kwa guaguanko, shemeji," aliniambia miaka mingi baadaye, tulipomaliza kumzika Heriberto. "Mkono wangu huu maisha yote uko kazini. Kiwandani uko kazini, jikoni uko kazini, kwenye guaguanko ndiyo usiseme. Yambu ndiyo mahali pekee unapopumzika. Na mimi nikifa mnipigie yambu, umesikia? Nataka niondoke mikono imefunguka."

"Utatuzika wote wewe," nikamwambia.

"Wewe nitakuzika, ndiyo. Wewe huli mboga."

Ndivyo tulivyokuwa tukiongea. Miaka hamsini na mbili ya utani.

Sasa nije kwa yule mtu. Osniel Tabares. Mkurugenzi wetu wa sanaa, hivyo ndivyo alivyojiita. Alikuja baada ya mkurugenzi wa zamani kupata kiharusi, akiwa na simu mbili na mkoba wa ngozi, akasema anafahamiana na watu wa hoteli moja kule Varadero. Tabia zake zilinichefua tangu siku ya kwanza. Haogi, anajipulizia manukato juu ya jasho la jana. Anatafuna chingamu mdomo wazi, unaona ulimi, unaona kila kitu. Siku ya mazoezi alikaa juu ya kasha la mzee Cayetano, na alipoondoka nikapitisha mkono chini yake, nikakuta ameibandika chingamu yake pale, bado ina unyevu. Nilikwenda kunawa mara mbili. Nilipaswa kumtoa uani siku hiyohiyo, kwa teke. Lakini hoteli ilikuwa na chakula, na mimi nilikuwa nakula wali na mayai, mayai na wali, na Jumapili wali bila mayai.

Alituanzia na guaguanko. Akatukusanya, akapiga makofi kama anaita kuku.

"Bibi Librada, wewe ndiye nyota. Sikiliza nilivyokupangia. Dairon anakuzunguka, anakuzunguka, halafu paa! Anakuchanja. Wewe unashika moyo, macho juu, unalegea, anakudaka. Wageni watakufa kwa kucheka."

Dairon ni mjukuu wa Florencio, jirani yetu wa chumba cha kwanza. Ana miaka ishirini na sita, mrefu, ana kiuno cha kuazima kwa majini. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa Librada mwenyewe, jikoni kwake, akimpiga kwa mwiko kwenye goti kila alipokosea.

Librada aliwasha sigara. Alivuta kwanza.

"Mwanangu," akamwambia Osniel, "wanaume wenye viuno wamehangaika na mimi miaka sitini na moja hawajanipata. Ndiyo nije nipatikane na wewe mwenye simu?"

Tulicheka mpaka Osniel mwenyewe akalazimika kucheka, meno tu, macho hapana.

"Ni maigizo, bibi!"

"Na ukiigiza kula, unashiba?"

"Sasa bibi, nikuweke wapi? Guaguanko ya kujikinga mwanzo mwisho haichekeshi."

"Usiniweke popote. Tafuta bibi mwingine wa kulegea."

Akatafuna, akafikiri. Kisha sauti ikawa laini, ya asali. "Basi cheza yambu. Yambu tu. Polepole, ya heshima, wewe na leso yako."

Uso wa Librada ukafunguka. Nilimwona, na mpaka leo uso ule unanirudia. "Yambu nitacheza hata na shetani," alisema. "Maana hata yeye kwenye yambu anavua kofia."

Mwenzake wa yambu kwa miaka arobaini ni Florencio, lakini goti la Florencio lilikuwa limevimba kama boga. Osniel akasema Dairon atachukua nafasi ya babu yake. Librada akafurahi zaidi. Wiki nzima alikuwa akimfundisha kijana kutembea kizee. "Taratibu, wewe! Unakimbilia nini, choo?" Alifua sketi nyeupe, akaitia wanga, akaipiga pasi, akaitundika mlangoni ili sote tuione.

Siku yenyewe basi la hoteli lilikuja kutuchukua saa tisa alasiri. Librada alikaa viti viwili mbele yangu, sketi ameikunja mapajani isipate mikunjo, anaimba kwa pua. Osniel akaja akajibanza pembeni yangu, na manukato yake, na jasho lake. Akasogeza mdomo sikioni. Nilihisi unyevu.

"Mzee Nico. Leo kuna kitu kidogo kipya kwenye yambu. Dairon anajua. Wewe gonga tu, usishtuke."

"Kitu gani?"

Nilijua. Msinione mjinga, nilijua kabla sijamaliza kuuliza. Alinijibu kwa kiuno, palepale kitini, akakisukuma mbele kidogo, akacheka.

"Kwenye yambu?" nikasema.

"Wageni wanajua yambu? Wanataka kuona bibi kizee kachanjwa, wanapiga picha, wanafurahi, sisi tunaitwa tena. Halafu sikia, nimeongea na jikoni. Leo si mkate mkavu. Leo kuna paja la nguruwe, na jibini, mnakula mpaka mseme basi."

Mate yalinijaa mdomoni. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, sitapamba. Mtu mzima, mvi kichwa kizima, shemeji yangu yuko viti viwili mbele yangu anaimba, na mimi nameza mate.

"Sawa," nikasema.

Kutoka pale mpaka hotelini ni zaidi ya nusu saa. Muda wote huo ningeweza kuinuka hatua mbili, nikamgusa bega. Nilitazama bahari dirishani kama mtu ambaye hajawahi kuiona.

Walituweka kando ya bwawa la kuogelea. Palinuka mafuta ya kujipaka, bia iliyomwagika na mafuta ya kukaangia yaliyochoka. Wageni walikuwa wamelala kwenye viti, matumbo mekundu, sahani zenye vyakula walivyouma mara moja wakaviacha, nzi wanatembea juu yake. Mmoja alizima sigara yake juu ya kipande cha keki. Nakumbuka nilimchukia kwa ile keki. Ajabu ya binadamu, nilipata nguvu ya kuchukia keki.

Guaguanko ilipita. Wakapiga makofi ya usingizi. Kisha makasha ya Cayetano yakaletwa mbele, mwimbaji akaanza kwa chini, nikagonga, na Librada akaingia.

Jamani, alicheza! Bega moja linashuka, lingine linachelewa kidogo kisha linakumbuka. Alifua nguo zisizokuwepo, akazikamua, akazianika. Hata wale wa matumbo mekundu waliacha kuongea. Dairon alikuwa akimzunguka vizuri, kizee kabisa, mkono nyuma ya kiuno, na kwa dakika mbili tatu nilijidanganya kwamba kijana hatafanya.

Librada akadondosha leso. Akainama, akaiokota, akainuka taratibu akiwa ameinyoosha mikono yote miwili pembeni, leso inaning'inia kwenye vidole, kifua wazi, kila kitu wazi, anatabasamu. Na Dairon akamrushia kiuno. Si cha kisanaa. Kile kikubwa cha kijinga cha kumfurahisha mlevi.

"Paaa!" Osniel alikuwa na kipaza sauti. "Bibi kachanjwaaa!"

Walicheka. Walisimama kwenye viti wakacheka. Mtu mmoja mwenye nguo ya kuogelea akaanza kurusha kiuno chake na yeye, maji yanamchuruzika, mkewe anampiga picha.

Librada hakumtazama Dairon. Hakumtazama Osniel. Alisimama vilevile na mikono yake imefunguka, akageuza shingo, akanitazama mimi. Alikuwa akisubiri. Alikuwa na hakika. Kwa sababu rumba ikichafuliwa, mwenye vijiti anaiua, ndivyo tulivyokuta, ndivyo alivyonifundisha Heriberto kaka yangu nikiwa sijaota ndevu. Na mchezaji wa zamani haondoki duarani vijiti vikiwa vinaita. Hawezi. Ningenyamaza tu, angekunja leso yake akatoka na heshima yake, na ile ingebaki kuwa aibu ya wale wawili.

Niligonga.

Osniel alikuwa akinikodolea macho, akizungusha kidole hewani, endelea, endelea. Nikaendelea. Na kwa sababu niliendelea, Librada akaendelea. Dairon akamchanja mara ya pili. Akamchanja mara ya tatu, nyuma. Librada hakujiziba hata mara moja. Alicheza yambu kama yambu inavyochezwa, mikono wazi, mpaka mwimbaji akamaliza. Wageni walidhani ni sehemu ya mchezo. Vijiti vilikuwa vinateleza, lakini mkono wangu, laana juu yake, haukukosea hata pigo moja.

Halafu nikaenda jikoni nikala. Ndiyo, nilikula! Vipande vyembamba, vya rangi ya waridi, vyenye ukingo wa mafuta, vingine vimeshakauka pembeni kwa sababu ni masalio ya mchana. Nilikula kwa vidole. Nilikula sahani tatu nikilamba vidole vyangu, na vidole vilikuwa vilevile vilivyogonga. Hakuna aliyenishikia kisu. Dairon yeye alikuwa amekwenda chooni, tukamsikia akitapika, na hata hilo halikunizuia kuchukua jibini. Kijana alikuwa na tumbo lenye haya kuliko langu.

Na bado sikutosheka kwa upuuzi. Nikafunga vipande vinne kwenye karatasi ya kupangusia mikono, nikampelekea Librada ndani ya basi. Alikuwa amekaa palepale, sketi imekunjwa mapajani.

"Shemeji, nimekuletea kidogo."

Alipokea. Akafungua karatasi, akatazama. Mafuta yalikuwa yamepenya.

"Ndiyo hii ulikuwa unaigongea, Nicanor?"

Miaka hamsini na mbili hajawahi kuniita kwa jina. Nilikuwa shemeji nikiwa mlevi, nilikuwa shemeji nilipomtukana, nilikuwa shemeji siku tuliyomshusha Heriberto kaburini. Alifunga karatasi vizuri, kona kwa kona, akanirudishia.

Mtaani habari ilifika kabla ya sisi, kwa sababu Osniel alituma video yake kwenye simu. Nilimwona muuza ndizi akiitazama huku akicheka, halafu akamwona Librada anapita, akaizima. Florencio alimpiga mjukuu wake kwa fimbo yake ya kutembelea mpaka ikavunjika, na sasa anatembea kwa kushika ukuta. Dairon alikwenda kupiga magoti mlangoni kwa Librada.

"Bibi, nisamehe. Waliniambia."

"Inuka, unachafua suruali."

"Bibi, naomba unipige."

"Nikupige ili ulale vizuri? Nenda zako, mwanangu."

Wanawake wa uani walikaa kikao kizima. Wakasema chanjo ya kwenye yambu haihesabiki. Wakasema ni sawa na bao lililofungwa timu ikiwa imeshatoka uwanjani. Wakamtuma mmoja wao akamwambie Librada kwamba jina lake liko palepale, hajachanjwa, mtaa mzima umekubaliana.

"Waambie asante," alijibu. "Lakini mimi sikulilia jina."

Osniel hatukumwona tena uani. Alihama na kundi jingine, la vijana wenye nguo za kumetameta, na nasikia huko kuna bibi anayelegea vizuri sana. Ptuu! Nikilitaja jina lake nasikia ule unyevu sikioni. Lakini nimejaribu kumchukia yeye peke yake, ili nipumue, na imeshindikana. Yeye hakujua alichokishika. Mimi nilijua.

Wiki tano Librada hakucheza. Alikuwa akipika, akivuta sigara, akigombana na muuza mkate, na mimi akinisalimia: "Nicanor." Nami ninaitikia kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Halafu ikafika siku ya kuzaliwa kwa Heriberto. Kila mwaka siku hiyo, baada ya chakula cha mchana, tunatoa makasha ya Cayetano uani na tunampigia yambu moja. Librada anacheza na Florencio. Hatujawahi kukosa, hata mwaka wa kimbunga. Siku hiyo tulitoa makasha, tukakaa, hakuna aliyethubutu kwenda kubisha mlango wa tatu. Nilikuwa nimevishika vijiti. Nilikuwa naomba kitu kimoja tu, nacho si msamaha, maana msamaha nisingeustahili. Nilikuwa naomba acheze. Kwamba kile tulichomwibia hotelini kisiwe kimekwenda chote.

Mlango ukafunguka. Librada akatoka na sketi nyeupe, imetiwa wanga, imepigwa pasi.

"Hee! Huyo!" wanawake wakapiga vigelegele. Mtu akasema, "Yameisha, jamani, yameisha!" Mwimbaji akajifuta macho. Nami nikajiambia, Nicanor, umepona. Florencio akauachia ukuta, akaburuta goti lake mpaka katikati.

Nikagonga. Makasha yakajibu. Librada akaingia.

Bega moja likashuka, lingine likachelewa, likakumbuka. Mguu ulikuwa uleule. Uso ulikuwa umetulia. Ilinichukua muda kuona, kwa sababu ni kitu ambacho hakuna mtu duniani aliyewahi kukiona. Mkono wake wa kulia ulikuwa mbele ya sketi. Umeziba. Kwenye yambu.

Nilidhani ni mazoea, kwamba utatoka. Haukutoka. Vigelegele vikakatika kimoja kimoja. Florencio aliona. Akafungua viganja vyake vyote viwili akamwonyesha, tazama, sina kitu. Akavua kofia. Mwishowe akaweka mikono nyuma ya mgongo, mzee wa miaka themanini, akawa anamzunguka kama mfungwa, machozi yanamdondoka na hawezi kuyafuta kwa sababu mikono iko nyuma. Librada alimtazama kwa upole. Hakuwa na hasira naye hata kidogo. Mkono haukutoka.

Ikafika mahali pa leso. Akaidondosha kwa mkono wa kushoto. Ikatua kwenye sakafu, karibu na kiatu changu. Tukasubiri ainame. Akaitazama. Akaipita.

Hapo ndipo nilipoacha kugonga. Sikupanga, mkono ulisimama wenyewe. Makasha yakanyamaza, mwimbaji akanyamaza, na ua zima likabaki na sauti ya bomba la maji linalovuja. Librada akasimama. Akanigeukia kama alivyonigeukia siku ile, shingo ileile, macho yaleyale.

"Ndiyo unaacha leo?" akaniuliza. "Leo ambapo ni Florencio?"

Niliitazama leso pale chini.

"Gonga, Nicanor."

Nikagonga. Akacheza mpaka mwisho, mkono wake uko palepale, na leso ikabaki chini.